Mahali Paitwapo Uzazini

Pilipili manga ikikaangwa kidogo kwenye sufuria kavu kabla ya kusagwa, hutoa harufu inayokwama puani kama chafya iliyokataa kutoka. Mwezi uliopita nilikuwa nikiikaanga katika kambi ya wajenzi wa barabara, huko bara kusiko na hata mnazi mmoja, niwapikie uji mafundi waliopigwa na baridi. Nikasahau mwiko mkononi. Uji ukashika chini. Fundi mmoja akaniuliza, "Dada, umeona nini?" Nikamjibu kwamba sijaona kitu. Kumbe nilikuwa nimesimama ukumbini kwenye nyumba yetu ya Mtopanga, mbele ya pazia la kijani, nina miaka minane.

Tangu nimalize kidato cha nne sijakaa mji mmoja miaka mitatu mfululizo. Nimepika Voi, nimepika Garissa, nimepika mahali ambapo hata jina lake sikulishika vizuri mpaka nilipoondoka. Watu huniuliza natafuta nini, nami hujibu kazi, maana ndilo jibu linalowatosha. Nyinyi wa rika langu mliolelewa Kisauni, upande ule wa daraja la kwendea Mvita, mtanielewa nikisema kwamba kuna maneno tuliyapata masikioni kabla ya kuyapata akilini, na mengine hayakufika akilini kabisa. Langu mimi ni uzazi.

Nyumba ile ilikuwa ya vyumba sita, ukumbi katikati, mfereji na choo uani. Sisi tulikaa chumba cha pili mkono wa kulia, mimi na Mama. Mama alikuwa akipiga kokoto machimboni, upande wa Mwakirunge: anakaa chini juu ya gunia, jiwe kubwa mbele yake, nyundo mkononi, kutwa anavunja mawe yawe madogo ya kuchanganywa na saruji. Alirudi jioni mweupe wa vumbi hadi kope. Kabla hajaoga sikuruhusiwa kumkumbatia, kwa hiyo nilimshika kidole kimoja tu, kile cha mwisho, ambacho alikisuuza kwanza kwa ajili yangu.

Mama hakunizaa. Hilo nililijua kama nilivyojua kwamba mbuzi wa jirani si wetu, na halikuniuma. Alikuwa dada mkubwa wa aliyenizaa. Mtaa mzima ulimwita Mama Sidi, kwa jina langu, nami akiniita niliitika "abee" kama mtoto mwingine yeyote. Ila kulikuwa na huyo mwingine, jina lake Nyevu, na habari zake zote nilizokuwa nazo zilienea katika sentensi moja. Nilimsikia Mama akimwambia mgeni wa kanisani aliyetoka Kaloleni, huku wakichambua mchicha: "Ndugu yangu Nyevu alikwenda uzazini, hakutoka." Mgeni akasema, "Pole, mwenzangu." Wakaendelea na mchicha.

Hebu fikirieni sikio la mtoto wa Kisauni. Kisauni yenyewe inaishia na ni. Upande huu Mishomoroni, upande ule Kiembeni, mbele kidogo Magongoni, na ng'ambo ya feri Likoni. Mtu akienda Kiembeni, yuko Kiembeni, na jioni anarudi. Basi mtu akienda Uzazini, yuko Uzazini. Na ikiwa hakutoka, bado yumo.

Nilimuuliza msichana mkubwa wa chumba cha nne, aliyekuwa darasa la saba na kwa hiyo alijua kila kitu.

"Uzazini ni mbali kuliko Likoni?"

Alinitazama, kisha akacheka mpaka akashika ukuta. "Mbali sana! Na wanaume hawaingii."

"Huendwa kwa gari gani?"

"Huko hakuendwi kwa gari, mjinga wewe. Huendwa kwa tumbo."

Nikaelewa kwamba njia yake ni mbovu, watu hutambaa.

Mvua za kwanza za mwaka ule zilipoanza, Zuhura wa chumba kilichotukabili akajifungua mtoto wa kiume. Hilo neno nalo lilinitatiza, kwa kuwa sikujua ni nani aliyekuwa amemfunga. Mamake, Bi Tatu, alivuka kutoka Mjini kuja kumtunza. Yeye alikuwa mtu wa Mvita hasa na hakusema kuzaa. "Mwanangu amevyaa juzi," alituambia watoto, "sitaki makelele ukumbini." Mama, akizungumza na watu wa kwao, alisema kuvyala. Shuleni tulisoma kwamba ng'ombe huzaa ndama. Nilidhani ni mambo matatu mbalimbali, na kujifungua ni la nne.

Likawekwa pazia la kijani mlangoni kwa Zuhura. Nyuma yake mlitoka moshi wa ubani, na harufu ya uji wa pilipili manga asubuhi na jioni. Kila aliyepita kumuulizia aliambiwa, "Yuko uzazini." Nami namsikia akikohoa mle mle chumbani! Hapo ndipo ramani yangu ilipokamilika. Uzazini haikuwa mbali kama nilivyodanganywa. Ilianzia nyuma ya pazia.

Tena Zuhura hakuitwa Zuhura. Alikuwa mzazi. Mzazi apelekewe uji. Mzazi asiguse maji baridi. Mzazi asitoke nje mpaka arobaini. Hivyo ndivyo nilivyojifunza neno hilo, na sikuwa na sababu ya kulishuku: mzazi ni mtu aliyeko Uzazini.

Sasa mwalimu wetu wa darasa la pili alikuwa mtu wa bara. Hakuwa mkali, ila alikuwa amechoshwa na sisi. Kila alipoita wazazi, watoto walimletea watu wa kuokota njiani. Mmoja alikuja na muuza maji akasema ni mjomba, na muuza maji mwenyewe akasahau jina la mpwa wake. Jumatano moja mwalimu akapiga meza.

"Ijumaa kila mtu aje na mzazi. Sitaki jirani, sitaki dada, sitaki mjomba wa mkokoteni. Nataka mzazi. Asiye na mzazi asirudi darasa hili!"

Nilitazama wenzangu, darasa zima, nikashangaa kwamba mama zao wote wako Uzazini kwa wakati mmoja na hakuna aliyewahi kusema. Nikainua mkono.

"Mwalimu, na kama mzazi bado hajatoka?"

"Mwambie atoke," alisema. "Shule ni muhimu."

Nilipenda shule, jamani. Nilikuwa nimejua kusoma kabla ya wengine, na mwalimu alikuwa ameanza kunipa chaki niandike tarehe ubaoni. Kufukuzwa lilikuwa jambo la kutisha kuliko mengine yote niliyoyajua. Lakini kumwambia Mama sikuweza. Wiki ile ile nilikuwa nimesikia wanawake wawili mferejini, ndoo zao zikijaa. "Mama Sidi?" alisema mmoja. "Yule mlezi tu. Uzazi hajauonja." Kwa hiyo nilijua kwamba Mama hajafika kule, na kumwambia nimeagizwa mzazi ingekuwa kumwaibisha bure. Tena, niseme kweli, kulikuwa na furaha ndogo iliyonikaa kooni. Mwalimu amesema atoke. Amri ya shule hata watu wazima waliitii. Labda huko alikokuwa, Nyevu alikuwa akingoja tu mtu wa kumwita.

Alhamisi baada ya masomo, Mama angali machimboni na Bi Tatu yuko uani akichemsha maji, nikaenda penye pazia.

"Hodi."

"Karibu. Ah, Sidi! Mamangu yuko wapi?"

"Uani."

"Ingia basi, upesi."

Zuhura alikuwa amelala, amefungwa mkaja, kile kitambaa kipana wanachomkaza nacho mzazi tumboni. Mtoto alikuwa ubavuni, kama mkate uliofunikwa. Nilimwamkia, kisha nikaanza kuchungulia nyuma ya kabati.

"Watafuta nini?"

"Mlango."

"Mlango si huo ulioingilia?"

"Ule wa kwendea Uzazini."

Zuhura aliinuka kwa kiwiko. Nikaona nimeshafika, sasa niseme yote. "Da Zuhura, umemwona mama yangu huko? Anaitwa Nyevu. Alikwenda siku nyingi, hakutoka. Kesho anatakiwa shule."

Hakuwa amezidi miaka ishirini, yule. Kicheko kilimwanza, nilikiona mdomoni, kisha kikakatika. Akamtazama mtoto wake, akanitazama mimi, akamtazama tena mtoto.

"Sikumwona," alisema polepole. "Mimi sikufika mbali, Sidi. Niliishia mlangoni."

"Ndani kukoje?"

"Sijui. Nilikuwa nalia tu, namwita mamangu."

"Ukirudi, mwambie ni Ijumaa, asubuhi."

"Nirudi! Mtoto wee, usiniombee." Safari hii alicheka kidogo, kwa maumivu, akishika mkaja. Kisha akasema, "Haya. Nikimwona, nitamwambia."

Pazia likafunguka kwa nguvu. "Weye mwana!" Ni Bi Tatu, beseni la maji ya moto mikononi. "Wafanyani humu na miguu yako hiyo ya skuli?"

"Nimekuja kumwamkia mzazi, Bi. Shikamoo."

"Marahaba. Mzazi haamkiwi na tope. Nje!"

Nikiwa ukumbini nilimsikia Zuhura: "Mama, taratibu naye. Mama Sidi akirudi mwambie aje. Nataka kusema naye."

Mama aliporudi hakuingia kwa Zuhura, kwa sababu ya vumbi na yule mtoto mchanga. Alisimama nje ya pazia, na Zuhura akasema naye kutoka ndani. Sijui walisemezana nini. Niliona tu kwamba Mama, katikati ya maneno, aliweka kiganja kwenye fremu ya mlango, na alipokiondoa alama nyeupe ilibaki. Alikwenda kuoga akakaa bafuni muda mrefu. Kisha akaja akaniambia, "Kesho nakwenda nawe shule."

"Si wewe anayetakiwa," nilimwambia.

"Najua," alisema, akaanza kukatakata vitunguu.

Nimelisikia neno hili kila nilikokwenda tangu wakati ule. Bara, mzazi ni baba au mama, hata awe na mvi kichwa kizima. Mwanamume naye ni mzazi, jambo ambalo lingemchekesha Bi Tatu mpaka amwage beseni. Watu wa Mvita humwita mama mkwe mavyaa, na ukilitazama vizuri ni neno lile lile, kwani ndiye aliyemvyaa mume. Mwembe huzaa, ng'ombe huzaa, uvivu huzaa njaa, lakini binadamu kwa heshima hujifungua. Mwalimu mmoja mstaafu niliyempikia aliniambia kwamba kuvyala, kuvyaa na kuzaa ni neno moja tu lililotembea. Zamani lilikuwa na l, na watu wa kwetu hawajaiacha. Waswahili iliwadondoka njiani. "Lakini sema nimezaliwa," akaniambia. Nikasema. "Unaisikia? Imerudi. Anayezaa ameipoteza, anayezaliwa anayo." Sijui kama ni kweli, maana mzee alikuwa amekunywa kidogo. Ila siku ile niliosha masufuria nikijisemesha, kuzaa, kuzaliwa, kuzaa, kuzaliwa, nikajiona kama mtu aliyekutwa na kitu cha mtu mwingine mfukoni.

Ijumaa Mama alivaa gauni lake la kanisani, la buluu, na viatu vilivyombana. Tulipofika nilikuta foleni nje ya darasa, nikachanganyikiwa upya. Mama za wenzangu walikuwa wamesimama juani wakipiga soga, hakuna aliyefungwa mkaja hata mmoja. Na kulikuwa na wanaume! Wanaume watatu, na mwalimu akawapokea kama wazazi, wakati mimi nilikuwa nimehakikishiwa kwamba wanaume hawaingii. Sikuwa na wa kumuuliza. Niligeuka kutazama geti kila mara. Kila mwanamke aliyekuja peke yake nilimpima: huyu labda. Sikujua sura yake, kwa hiyo wote walifanana naye.

Zamu yetu ikafika. Mwalimu alikuwa na daftari kubwa na kalamu.

"Wewe ni mzazi wa Sidi?"

Mama alifungua kinywa. Nikamwahi, kwa kuhofia atasema uongo akamatwe, nami nifukuzwe.

"Hapana, mwalimu. Huyu ni Mama. Mzazi wangu yuko uzazini. Ameshatumiwa salamu lakini hajafika."

Mwalimu akainua kichwa, uso wake wa uchovu ukachanua. "Kumbe! Hongera sana! Kwa nini hamkusema? Mtu aliyejifungua juzi hatuwezi kumsumbua." Akamgeukia Mama, akitabasamu. "Amepata mtoto gani?"

Nyuma yetu mtu alipiga chafya. Mama alikuwa ameweka mikono yake juu ya meza, ile mikono iliyochanikachanika na isiyotakata hata kwa sabuni ya unga. Aliitazama.

"Msichana," alisema.

"Vizuri sana. Na anaendelea vyema?"

"Anaendelea vyema."

"Ana siku ngapi sasa?"

"Ana miaka minane, mwalimu. Ndiye huyu."

Lile tabasamu lilibaki usoni pa mwalimu kwa muda, kama nguo iliyosahauliwa kambani mvua ikinyesha. Kisha likaondoka. Akainamia daftari lake. "Jina lako, mama?" aliuliza kwa sauti ya chini, tofauti na yake ya kila siku. "Kadzo," alisema Mama. Mwalimu akaandika. Nilikuwa najua kusoma hata kichwa chini miguu juu, nikaona ameliandika chini ya neno mzazi. Akaniambia, "Msindikize mamako, halafu urudi darasani."

Karibu na geti kulikuwa na rundo la mawe ya kujengea, yale ya mraba yanayokatwa machimboni. Mama akaketi juu yake, akavua kiatu kimoja. Nikasimama mbele yake.

"Kwa hiyo atatoka lini?" nilimuuliza.

"Sidi."

"Abee."

"Uzazini si mahali."

Nilifikiri. "Kisauni ni mahali."

"Ndiyo."

"Kiembeni ni mahali."

"Ndiyo, mwanangu. Lakini uzazini si mahali. Ni wakati ule wa kuvyala. Mamako alikufa wakati huo, siku uliyozaliwa."

Kufa nilikujua. Babu alikuwa amekufa, nikaona shimo lake. Ila hata hapo hesabu yangu haikutimia. "Kama si mahali," nilisema, "alibaki wapi?"

Mama alikigeuza kile kiatu, akakigeuza tena. "Sijui," alisema. "Mimi nilikuwa kwenye benchi nje ya mlango wa hospitali, namngoja. Nilikuwa nimemshikia kanga ya kujifunga akitoka. Mlango ukafunguliwa, nikaletewa wewe."

"Ulikuwa ukimngoja nani? Mimi au yeye?"

"Yeye," alisema Mama. Hakunidanganya. "Wewe sikuwa nakujua."

Nilisikia darasani wameanza kusoma kwa pamoja, wakivuta maneno. Nilitaka kuondoka na nilitaka kubaki. Mama akanivuta kwa mkono, akanifunga vizuri kifungo cha kola ambacho kilikuwa kimefungwa vizuri tayari.

"Nenda darasani," alisema. "Leo nitakungoja hapa. Wewe."

Machimboni hakwenda siku ile. Dirisha letu lilitazama geti, na kila mwalimu alipogeukia ubao nilichungulia, nikamkuta pale pale juu ya mawe na gauni lake la kanisani, kiatu kimoja mguuni na kimoja mkononi, macho kwenye mlango wetu. Sikuelewa hata neno moja la masomo yale. Kengele ya mchana ilipolia nilitoka mbio nikiwasukuma wenzangu huku na huku, nikihofia kwamba kabla sijaufikia ule mlango angeweza kutoka mtu mwingine badala yangu.